Nyumba Niliyoigeuza Hewa

Mpenzi msomaji, kabla hujanihukumu, naomba unipe sikio. Kisa hiki wengi wenu mlikisikia kwenye foleni ya githeri, na kila aliyekisimulia alikitia chumvi na pilipili yake. Kuna waliosema nilifukuzwa chamani. Kuna waliosema nilizabwa kofi. Yote hayo ni porojo. Kilichotokea ni kwamba nilibomoa nyumba ya mwenzangu, nyumba ambayo mtu hangeweza hata kuugusa ukuta wake kwa mkono, na hadi leo nikipita mbele ya maabara ya tarakilishi moyo hunienda mbio.

Ilikuwa muhula wa pili wa mwaka wa 2025, nami nikiwa kidato cha pili. Maabara yetu mnaijua. Mle mna tarakilishi kumi na tano za kale ambazo ukiziwasha hunguruma kama posho mili, na moja, ile ya dirishani, haiwaki mpaka ipigwe kibao cha upendo. Intaneti nayo huja na kwenda kama mgeni asiyeaga. Basi alasiri moja mwalimu wa tarakilishi akaja na flashi mkononi, akatutangazia sisi wa Chama cha Kiswahili pamoja na wale wa chama chake kwamba tutajenga mji.

"Mji wapi, Mwalimu?" tukauliza.

"Humu humu," akajibu, huku akiigonga meza.

Programu aliyotuwekea huitwa Luanti, ambayo hadi mwaka wa 2024 ilijulikana kwa jina la Minetest. Ilianzishwa mwaka wa 2010 na Mfini mmoja, Perttu Ahola, na haiuzwi. Kila mtu huipata bure. Ukiifungua unajikuta umesimama nyikani, mbele yako milima, mito na miti, vyote vimeundwa kwa vijitofali vya mraba. Unavunja kimoja hapa, unakiweka pale. Kila kijitofali kina upana wa mita moja, na ulimwengu wote una upana wa takribani kilomita 62. Kwa hiyo shamba la kujengea halikuwa shida. Shida, kama utakavyoona, ilikuwa wajenzi.

Kusema kweli sikuelewa vipi mashine zile kongwe zingeubeba mji mzima, tena sote tukiwa ndani yake kwa wakati mmoja. Nilidhani picha ya mji ndiyo inayosafiri kwenye waya. Kumbe sivyo! Kinachosafiri ni habari fupi fupi tu: fulani amesogea hatua moja; fulani ameweka ubao mahali fulani. Tarakilishi iliyo mezani pa mwalimu ndiyo seva, yaani hiyo ndiyo inayojua ukweli wa mji, nani yuko wapi na tofali lipi liko wapi. Zile nyingine zikizipata habari hizo, kila moja hujichorea picha yake. Aliyeketi kwenye mashine nzuri aliona maji yakimetameta, naye maskini wa dirishani aliona rangi ya samawati basi, lakini mto ulikuwa ule ule mmoja. Ukitumbukia wewe, mwenzako anakuona ukitumbukia. Tena hatukuhitaji intaneti. Waya za humo maabarani zilitosha.

Ujanja huu si wa jana wala juzi. Mwaka wa 1986 huko Marekani, kampuni ya Lucasfilm Games ilifungua kwa majaribio mji ulioitwa Habitat. Wakazi wake waliuingia wakiwa wameketi sebuleni kwao, kwa kutumia Commodore 64, tarakilishi ya nyumbani iliyokuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 64 tu. Picha moja unayopiga kwa simu ya siku hizi ingezijaza mashine nyingi za aina hiyo. Isitoshe, habari zilipita kwenye waya wa simu ya kawaida, herufi kama 30 kwa sekunde. Makala haya unayoyasoma yangechukua dakika sita saba kupita! Na bado watu walitembea humo, wakapiga gumzo, wakaoana, wakaachana, wakaibiana. Nitaurudia mji huo baadaye, kwani una neno na mimi.

Sisi mji wetu tuliugawa mitaa kwa Kiswahili sanifu, maana mwalimu wetu wa Kiswahili alitishia kujiondoa akiona kibao hata kimoja cha lugha nyingine. Tukawa na Mtaa wa Nomino, Uwanja wa Vitenzi, na Kichochoro cha Vihisishi ambako watu walikwenda kugombana. Palitokea majumba ya ajabu. Kijana mmoja wa kidato cha tatu aliinua ghorofa arobaini zisizo na ngazi hata moja, ikawa ukitaka kwenda juu shauri yako. Kulikuwa na msikiti, kanisa, uwanja wa mpira, na stendi ya matatu ambazo hazikusonga lakini manamba wake walipiga kelele kweli kweli, huku maabarani.

Mji ukahitaji Meya. Nikachaguliwa mimi, kura kumi na moja dhidi ya tisa. (Kura zile mbili msiniulize nilizipataje, mandazi yalihusika.) Cheo kile kilikuja na nguvu zake. Mwalimu alinipa amri ambazo wakazi wa kawaida hawakuwa nazo: ningeweza kujaza bonde kwa mara moja, au kusawazisha kilima kabla kengele haijalia. Nami, kama mjuavyo, kichwa kikavimba. Nilitembea mjini nikiruka angani, wenzangu wakihangaika na ngazi.

Mradi niliouota ulikuwa Barabara Kuu ya Ngeli. Ingetoka mjini kati hadi mtoni, imenyooka kama rula, na vituo vyake vingefuatana A-WA, U-I, LI-YA, KI-VI mpaka mwisho. Siku ya wazazi ilikuwa inakaribia na nilitaka mgeni wa heshima aione akiwa bado mlangoni. Nikaichora daftarini. Nikaipitisha mimi mwenyewe kwenye kamati ambayo mwenyekiti wake nilikuwa mimi mwenyewe.

Siku ya Jumatano nilifika nayo karibu na mto. Hapo, katikati kabisa ya njia yangu, palikuwa na kijumba. Kilikuwa cha vijitofali vitatu kwa vitatu, rangi ya kahawia, paa chini chini, mlango mmoja unaotazama maji. Ndani palikuwa na tofali moja jeusi, basi. Hakikuwa na kibao, na sheria ya mji ilisema kila jengo liwe na kibao. Nilikitazama, nikacheka. Nilidhani ni choo cha mtu aliyeanza kazi akachoka.

Ningeweza kuuliza. Wenye mji walikuwa wameketi hapo hapo, kulia na kushoto kwangu, wala nisingehitaji hata kunyanyuka. Sikuuliza.

Niliweka alama kwenye pembe mbili, moja chini na nyingine juu, nikaandika amri. Katika programu hii hakuna neno la kubomoa. Unachofanya ni kuyaamuru matofali yote yaliyo kati ya alama zako yawe hewa. Hewa! Kufumba na kufumbua, kijumba hakipo. Hakuna vumbi, hakuna kishindo. Nikapiga mluzi, nikamwaga lami, nikaendelea mpaka ukingoni mwa maji. Kengele ikalia, nikaenda zangu.

Kesho yake tulipoingia, nilikuwa nikielea juu ya barabara yangu nikiikagua, mara nikaona kidoli cha mtu kikienda huku na huku pale kwenye kituo cha I-ZI. Kinapiga hatua tatu, kinageuka. Kinapiga tatu tena, kinageuka. Kikasimama, kikatazama mto. Nikadhani mashine ya mtu imekwama.

Sauti ikatoka nyuma ya maabara, si ya juu. "Nani amebomoa nyumba yetu?"

Alikuwa mwenzetu mmoja, msichana mpole kama maji ya mtungini, ambaye tangu tuingie kidato cha kwanza nadhani nilikuwa nimemsikia akisema mara nne hivi. Nami kwa ujuba wangu wa umeya nikajibu bila kugeuka, "Nyumba gani? Si kile kichoo?"

Darasa likaangua kicheko. Yeye hakulia, kama mlivyodanganywa. Alingoja kicheko kiishe, akasema, "Ndiyo. Kile kichoo. Tulikuwa tunakaa mle watu watano."

Maabara ikanyamaza, ukasikia mashine peke yake.

Mwenzetu huyu, na aliniruhusu niyaandike haya mradi nisimtaje jina, alizaliwa Mathare, karibu na mto. Mnakumbuka mvua za mwaka wa 2024. Usiku mmoja wa Aprili maji yaliingia ndani wakiwa wamelala. Mama yake aliwatoa watoto wote salama, Mungu si Athumani, lakini godoro, vitabu, sare na simu vilikwenda na maji. Nyumba yenyewe ilibaki imesimama, imejaa matope. Wakaisafisha. Siku chache baadaye nyumba zilizokuwa karibu na mto zikabomolewa kwa tingatinga, na yao ikiwemo. Tangu hapo wanaishi kwa shangazi yao. Picha za nyumba ile zote zilikuwa kwenye ile simu.

Nyumba yao ilikuwa ya mabati, futi kumi kwa kumi. Piga hesabu: ni mita tatu kwa tatu. Vijitofali vitatu kwa vitatu. Hakuwa amechoka njiani, alikuwa amepima. Lile tofali jeusi lilikuwa jiko la mama yake. Kazi ile ilimchukua wiki tatu, kwa sababu kila jioni alimwuliza mama yake jambo moja, na kesho yake akaja kulirekebisha.

"Na kibao je?" nikamwuliza, maana bado nilikuwa natafuta mlango wa kutokea.

"Nyumba yetu haikuwa na kibao."

Hapo nikasema neno ambalo ningelipia ili lirudi mdomoni. Nikasema, "Lakini hii si ya kweli, bwana."

"Najua," akasema. "Ile ya kweli siwezi kuingia."

Mwalimu hakuniadhibu. Afadhali angeniadhibu. Aliketi kwenye ukingo wa meza, akatuuliza kama tunajua ni kwa nini alituletea mji huu. Akatueleza kwamba pale Gigiri, shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, UN-Habitat, lilianza mwaka wa 2012 kushirikiana na Mojang, kampuni ya Uswidi iliyoutengeneza mchezo wa Minecraft ambao ni binamu mkubwa wa huu wetu. Mpango huo huitwa Block by Block. Watu wa mtaa hukusanywa mbele ya tarakilishi za kawaida, wengine hawajapata kushika kipanya, wakaujenga uwanja wao wa umma kwa vijitofali kabla tofali la kweli halijawekwa. Mama anaonyesha pa kuweka taa kwa kuwa yeye ndiye anayepita hapo usiku. Mtoto anaonyesha pa mpira. Miongoni mwa maeneo ya kwanza kabisa palikuwa uwanja wa Silanga, huko Kibera. "Kwa hivyo," Mwalimu akamalizia, akinitazama mimi, "wataalamu wa kuchora barabara wapo tele. Mpango ule ni wa kuuliza."

Nikaanza kusoma habari za miji ya namna hii, pengine kwa kujitafutia nafuu. Nafuu sikuipata. Waliounda Habitat, Chip Morningstar na Randy Farmer, walieleza mwaka wa 1990 jinsi walivyoanza kama mimi, wakidhani kila kitu kitakwenda walivyopanga. Walitayarisha mchezo mkubwa wa kutafuta hazina, kazi ya wiki nyingi. Mkazi mmoja akaumaliza kwa saa chache, wengine wengi hawajapata hata nafasi ya kuuingia. Waliweka mashine mbili, moja ikiuza vidoli kwa sarafu 75 na nyingine, mahali pengine, ikivinunua kwa 100. Mnaona kosa? Wakazi waliliona. Walikesha wakibeba vidoli kutoka mashine moja hadi nyingine, na kulipokucha fedha za mji mzima zilikuwa zimeongezeka mara tano. Silaha nazo ziliruhusiwa, na watu wakauana, si kwa damu, lakini aliyeuawa alipoteza alichobeba. Basi wakazi wenyewe wakajadiliana kama hayo ni makosa au ni mchezo tu, na mmoja wao akaanzisha kanisa ambalo waumini wake hawakuruhusiwa kubeba silaha wala kuiba. Hakuna mhandisi aliyelichora kanisa hilo. Mwishowe wale wawili waliacha kuwaburuta wakazi, wakaanza kuwafuata na kuwatengenezea walichokuwa wanakitaka. Wakasema kwamba mji wa aina hiyo unafanywa na yanayopita kati ya watu waliomo, kuliko mitambo iliyoubeba.

Nilisoma pia habari za Amsterdam, nchini Uholanzi. Mwezi wa Januari 1994 walifungua mji wao, De Digitale Stad, maana yake Mji wa Kidijitali. Ulikuwa wa kukaa wiki kumi tu, wakati wa uchaguzi wa mabaraza ya miji, lakini watu wakaujaa. Waliingia kwa tarakilishi zao za nyumbani na kwa zile zilizowekwa mahali pa umma. Ulikuwa na viwanja, posta, mkahawa, na baadaye nyumba za wakazi kuvizunguka viwanja hivyo. Nao ulikuwa na meya, Marleen Stikker, mmoja wa waanzilishi wake. Sijui kama naye alipata kura kwa mandazi. Miaka ilipopita mji huo ukafa, mashine na kanda zake zikatawanyika huku na kule. Mwaka wa 2011 Makumbusho ya Amsterdam yakaanza kuutafuta kwa wale waliowahi kuukaa, wamletee mwenye kumbukumbu mashine na kanda kuukuu, wauchimbe upya kama wanavyochimba magofu.

Nasi je, tulikuwa na nakala? Mwalimu alikuwa nayo moja kwenye flashi, ya kabla ya mwenzetu kuanza kujenga. Mle ukingoni palikuwa na nyasi tu.

Kwa hiyo ikabidi tujenge tena. Yeye aliketi upande wangu akaniamuru, mimi nikabonyeza. Si kwamba hakuweza mwenyewe. Alitaka nibonyeze mimi.

"Mlango unatazama mto. Si huko, huko ni kwa jirani."

"Dirisha?"

"Hatukuwa na dirisha. Toa kijitofali kimoja pale juu kwenye paa. Hapo ndipo palipokuwa panavuja, na chini yake weka beseni."

Beseni halimo katika programu hii. Tulichimba kijitofali kimoja sakafuni tukatia maji. Kitanda kilipoingia, na jiko, na pale walipolala wadogo zake, niligundua kwamba kidoli changu hakikuwa na pa kugeukia. Mimi nyumbani nina chumba changu peke yangu. Sikusema neno.

Barabara Kuu ya Ngeli, mkipita leo, inapinda ikifika I-ZI, inazunguka nyuma ya kijumba, kisha inarudi kwenye mstari wake. Mgeni wa heshima siku ya wazazi aliuliza kwa nini barabara nzuri vile imepinda. Kijana wa ghorofa arobaini akamjibu, "Kuna nyumba ya mtu, mzee," na mgeni akaridhika.

Siku hiyo mama yake mwenzetu alikuja, amejifunga leso juu ya rinda lake zuri. Alikataa kuketi kwanza, akisema vitu vya watu vitaharibika. Binti yake akamshika mkono, akauweka juu ya kipanya, akamwonyesha kibonye cha kwenda mbele. Akatembea ukingoni mwa mto, akigonga miti, akiomba radhi kila akigonga. Akafika mlangoni. Mlango ukafunguka.

Alikaa kimya muda mrefu hadi nikatamani kengele ilie.

"Jiko mmeliweka kushoto," akasema.

"Mama, si wewe ulisema kushoto?"

"Kushoto ukiwa unatoka!"

Binti akacheka. Nilikuwa sijapata kumsikia akicheka. Nikainama nikalihamisha jiko, nao wakanitazama kama watu wanaomtazama fundi asiyeaminika.

Mama akatoka nje, akasimama, akageuka kulia na kushoto. Palikuwa na nyasi, na lami yangu ikipita kwa mbali.

"Na majirani wako wapi?" akauliza.

"Hawajajengwa, Mama."

"Mtu atakaaje hivi peke yake?" Akaweka kidole kwenye kioo cha tarakilishi, kitu ambacho Mwalimu hupiga marufuku, na Mwalimu akatazama kando. "Hapa, yule wa omena. Hapa fundi wa viatu, wa redio, usiku hatulali. Hapa kinyozi. Hapa palikuwa bafu, la kulipia. Na hapa nyuma nyanya yule aliyekuwa anatuwekea watoto..."

Nikavuta lile daftari nililochorea barabara, nikageuza upande wa pili.

"Polepole, Mama," nikamwambia. "Huyu wa omena, mlango wake ulikuwa unatazama wapi?"